Viumbe wa pwani ya Mombasa: upige kwa simu, kamera ya maji, zumu ndefu au kamera ya kubadili lenzi?

Mchukue ndege mmoja tu awe kipimo: chekeamwezi, yule wa miguu mirefu anayedonoadonoa topeni maji yakipwa. Ana urefu wa sentimita 30 hivi, na kwenye hori la Mtwapa mara nyingi ataruka kabla hujamkaribia kwa mita 30. Sasa mpige kwa vifaa vinne, kutoka hapo hapo ulipo.

Simu yenye lenzi kuu ya milimita 26 (namba hii ikizidi, lenzi huvuta karibu zaidi), picha ya pikseli 4,000 kwa upana: ndege anapata pikseli 29. Ukimkuza hana jicho wala mdomo, ni doa. Kamera ndogo ya maji kama Olympus Tough TG-6, zumu ikivutwa hadi mwisho wake wa milimita 100: pikseli 110. Unajua ni ndege, basi. Canon EOS 700D, kamera ya kubadili lenzi, yenye lenzi ya 55-250, ambayo kwa kamera hiyo ni sawa na milimita 400: pikseli 570 na ushei, unaliona jicho na tope lililoganda mdomoni. Canon PowerShot SX70 HS, ile ya kipande kimoja ambayo zumu yake hufika sawa na milimita 1,365: karibu pikseli 1,960, yaani ndege anachukua zaidi ya theluthi ya upana wa picha.

Kwa hesabu hiyo peke yake zumu ndefu imeshinda. Ila pwani ina chumvi, ina mchanga, na ina maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na hayo hayamo kwenye pikseli. Wengi walioanza upenzi huu Mombasa wakauacha waliachishwa na kamera iliyokufa mkononi, hawakuachishwa na picha mbaya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize maji yakipwa utakuwa umesimama wapi: mwambani, topeni kwenye mikoko, au mchanga mkavu. Jibu hilo ndilo linalochagua kamera.

Mwambani

Mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu mwamba umelala sambamba na ufuko. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) ikipwa huachwa vidimbwi vya maji ya kifundo cha mguu hadi magotini, na ndani yake kuna viti vya pweza, majongoo bahari, samaki wadogo wenye mistari na, ukiwa na subira, pweza aliyejibanza kwenye tundu lake. Sehemu kubwa ya bahari hiyo imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ndani ya hifadhi hulipiwa kiingilio, na hutoki na kombe wala kipande cha tumbawe.

Hapa zumu ndefu haina kazi. Kiumbe yuko sentimita 20 kutoka kwako na maji yako kati yenu. Kamera ya maji ndiyo bingwa. TG-6 huzama mita 15 bila mfuko wowote, na ina hali ya kupiga vitu vidogo inayolenga hata sentimita 1 kutoka kwenye kioo cha lenzi. Mkono wa kiti cha pweza, wenye vijiguu mamia upande wa chini, hujaza picha nzima. Kosa la wanaoanza ni kuisogeza hadi hiyo sentimita moja: kamera inajitilia kivuli na picha inatoka ya kijivu. Baki sentimita 3 hadi 5, uje kutoka ubavuni, jua likiwa upande wa bega lako. Lenzi izame yote. Ikiwa nusu imo majini na nusu nje, matone hubaki kwenye kioo na kila picha inayofuata ina ukungu. Na usiingie ndani ya kidimbwi. Piga ukiwa ukingoni, kwa maana mguu mmoja tu huchafua maji kwa dakika kadhaa.

Simu nayo inaweza, kwa masharti. Alama ya IP68, ya kuhimili vumbi na maji, iliyoandikwa kwenye simu nyingi inatokana na majaribio ya maji matamu. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri zaidi na hula chuma cha tundu la kuchajia. Simu iliyozamishwa leo ikatoka nzima inaweza kukataa kuchaji baada ya wiki mbili. Tena kioo cha mguso hakisikii kidole chini ya maji, kwa hiyo utategemea vitufe vya sauti kupiga. Mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni husaidia, lakini ujaribu kwanza nyumbani: tia karatasi ya shashi badala ya simu, funga, zamisha kwenye beseni kwa nusu saa, ulalie kwa jiwe. Shashi ikitoka na unyevu wowote, mfuko huo si wa simu.

Kuna njia rahisi kuliko kuzamisha. Kinachoficha kidimbwi ni mng'ao wa anga juu ya maji, na miwani ya jua ya polaroidi huuondoa. Weka kioo kimoja cha miwani mbele ya lenzi ya simu, kizungushe polepole mpaka chini ya maji paonekane, kisha piga. Inafanya kazi vizuri zaidi ukitazama maji kwa mshazari, kama nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Ukitazama wima haikusaidii kitu. Mwenye kamera ya kubadili lenzi atanunua kichujio cha polaroidi cha kufunga mbele (milimita 58 kwa ile 55-250) na akubali kupoteza robo tatu hivi ya mwanga.

Vaa viatu vilivyofunikwa vyenye soli ngumu. Malapa hayazuii miiba ya wale viumbe weusi wa mviringo waliojazana kwenye mashimo ya mwamba, na kuna samaki wa sumu anayefanana kabisa na jiwe. Kanyaga mchanga au mwamba mtupu, tumbawe liache.

Saa nayo ina ukaidi wake. Siku zenyewe za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji Mombasa hupwa kabisa karibu na saa nne hadi saa tano asubuhi, jua liko utosini na kila kitu kinang'aa vibaya. Siku mbili tatu kabla ya hapo maji hupwa mapema zaidi, kwenye saa mbili au saa tatu, na bado hupwa ya kutosha kufunua vidimbwi. Hizo ndizo siku za kuweka alama kwenye kalenda. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Soma jedwali la maji la Kilindini, uingie mwambani saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kugeuka uanze kurudi. Maji yanayojaa hayaji kutoka mbele unakotazama. Hujaza kwanza mikondo iliyo kati yako na ufuko, na mtu aliyeinamia kidimbwi akiinua kichwa anakuta njia aliyoijia ni maji ya kiuno, kamera mkononi. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu.

Topeni

Mikoko ya hori la Tudor, upande wa Mikindani na Jomvu, na ile ya Mtwapa, ni ulimwengu mwingine. Hapa anayestahili kutazamwa kwa karibu ni yule kaa mdogo ambaye dume lake lina gando moja kubwa kama nusu ya mwili na jingine dogo la kulia tope. Yuko mdomoni mwa shimo lake, analipunga lile gando kubwa juu na chini kuita majike na kutishia jirani. Anapokula juu ya tope lililokauka kidogo huacha vidonge vya mviringo kama punje za mtama: hilo ni tope alilokwisha kulichuja chakula akalitema. Ukiona vidonge vibichi kuzunguka shimo, mwenyewe yumo na atatoka.

Ukisogea, tope lote linahama mara moja, wote wameingia mashimoni. Usifuate. Kaa chini (beba kipande cha turubai au gunia), nyamaza, usinyanyue mkono. Baada ya dakika tano hadi kumi anachungulia wa kwanza, na muda si mrefu wanapunga magando mita moja na nusu mbele yako kana kwamba hupo.

Hapa kamera ya kubadili lenzi yenye 55-250 ina raha yake. Hulenga kuanzia sentimita 85, kwa hiyo kutoka mita moja na nusu unapata kaa mkubwa kwenye picha, macho yake juu ya vijiti, na tope la nyuma limefifia. Weka f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikizidi, tundu hupungua), kasi ya shata 1/500 ya sekunde, ushushe kamera karibu kabisa na ardhi. Ukimpiga kutoka juu unapata gamba tu. Zumu ndefu nayo inaweza, ila ikivutwa hadi mwisho hukataa kulenga kitu kilicho karibu. Wengi hudhani imeharibika. Punguza zumu au rudi nyuma hatua mbili. Kihisi chake kidogo (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) pia hakifichi vizuri mandhari ya nyuma, kwa hiyo mizizi ya mkoko na takataka za plastiki huonekana zote.

Mwenye simu asikate tamaa. Isimamishe kwenye jiwe au kijiti sentimita 20 kutoka kwenye shimo, anzisha video ya 4K, rudi nyuma mita tatu na ungoje robo saa. Fremu moja ya video hiyo ni kama megapikseli 8, inatosha kuchapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya daftari. Simu ikiwa haisogei, kaa haiogopi. Hatari yake ni moja: uijue saa ya maji kujaa.

Topeni ndipo pia walipo wale samaki wanaoruka juu ya tope wenye macho utosini, na ndege wa mikokoni kama mdiria. Mdiria hukaa kivulini, na kivuli cha mkoko na mchu hula mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Hapo zumu ndefu huanza kuchoka, kama tutakavyoona.

Ndege: zumu ndefu na kamera ya kubadili lenzi ana kwa ana

Huu ndio ushindani wa kweli. Ukubwa wa kihisi ndio msingi wa yote. Kihisi cha SX70 kina upana wa milimita 6.2 kwa 4.6, cha 700D ni 22.3 kwa 14.9, ambalo ni eneo kubwa mara 12 hivi. Na lenzi ya SX70 ikivutwa hadi mwisho tundu lake ni f/6.5, wakati 55-250 inabaki f/5.6.

Maana yake mkononi ni hii. Saa mbili asubuhi, jua limetoka, yangeyange amesimama mchangani: zumu ndefu kwa ISO 200 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) inatoa picha ambayo ile nyingine haiwezi, kwa sababu ndege anajaa. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri, au ndani ya mikoko, unahitaji ISO 1600 ili upate 1/500 ya sekunde. Zumu ndefu hapo hulainisha manyoya mpaka yawe kama rangi iliyopakwa kwa brashi, 700D bado inaonyesha unyoya mmoja mmoja. Kwa hiyo kikomo cha ISO: 800 kwa zumu ndefu, 1600 kwa 700D, na vyote viwili uviweke kwenye menyu visivuke.

Ndege akiruka, kamera ya kubadili lenzi inaongoza bila mjadala. Unamtazama kupitia kioo halisi bila kuchelewa, na ulengaji wake ni wa haraka. Zumu ndefu hukuonyesha skrini ndogo, na ndege akipita kwa milimita 1,365 unampoteza kabisa, unabaki na anga. Dawa: mtafute zumu ikiwa fupi, mfuate, kisha vuta. Kwa vyovyote kasi isishuke chini ya 1/1600.

Lakini kuna jambo linalozipiga zote mbili, na zumu ndefu zaidi. Kuanzia saa tatu hivi asubuhi mchanga na tope hupata joto, hewa juu yake huanza kucheza, na kwa milimita 1,000 na zaidi picha ya ndege aliye mita 60 hutoka kama imepigwa kupitia mvuke wa chungu. Si lenzi wala si mkono. Kuongeza kasi ya shata hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwa karibu zaidi au kurudi saa kumi jioni. Kwa sababu hiyo hatuoni haja ya mpiga picha wa Mombasa kujibebesha zumu za hadi milimita 2,000 kama Nikon P950, yenye uzito wa kilo moja, akidhani umbali utamaliza tatizo.

Njia ya kuwakaribia ni kuwaacha maji yawalete. Maji yakianza kujaa, ndege waliotawanyika topeni husukumwa kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Jikalishe mapema mgongo ukiwa kwenye jua, mabega yasionekane juu ya mstari wa vichaka, na ngoja. Wahamiaji kutoka kaskazini ya dunia wako wengi tangu Septemba hadi Aprili. Nje ya hapo topeni huwa kumepoa, na hapo hamia kwa kulasitara, yangeyange, shakwe waliobaki na kunguru wa Bara Hindi, ambao hawakosekani mwaka mzima.

Mwanga wa pwani una upande. Fuo za Nyali na Bamburi zinatazama mashariki. Asubuhi ukipiga kuelekea baharini jua linakukabili na ndege wote ni vivuli. Jioni jua liko mgongoni mwako na bahari mbele, ndiyo saa ya shakwe na mitumbwi. Asubuhi nenda upande wa mashariki wa hori, jioni ufukweni. Na uwahi: jua la ikweta hupanda wima, mwanga laini hauzidi dakika 40. Yangeyange mweupe kwenye jua, punguza mwanga kwa 0.7 hadi 1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, la sivyo manyoya yanakuwa karatasi tupu. Ndege mweusi juu ya maji yanayong'aa, ongeza 1. Kwenye simu bonyeza mahali pa ndege, shikilia mpaka ijifunge, kisha telezesha kidole juu au chini.

Tripodi hatuipendekezi topeni, miguu yake huzama na chumvi huingia kwenye maungio. Shona kifuko cha kitambaa cha sentimita 20 kwa 15, tia kilo moja ya maharagwe, lalisha lenzi juu yake kwenye ukuta, jiwe au ukingo wa mtumbwi. Kusi ikivuma ndiyo utajua faida yake.

Chumvi, ambayo ndiyo inayoua

Chumvi haiui siku ile ile. Upepo wa bahari hubeba matone madogo yasiyoonekana, yanakauka juu ya kamera, punje za chumvi zinabaki. Chumvi ya bahari huvuta unyevu: hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi huyeyuka yenyewe ikawa maji tena. Mombasa usiku na alfajiri hupita kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo kamera uliyoiacha kabatini bila kuifuta inaloweshwa maji ya chumvi kila usiku, humo humo kabatini, na kila mchana inakauka. Utakachokiona kwanza ni kijani kwenye vyuma vya betri, kisha kitufe kinachogoma.

Futa siku ile ile. Kitambaa cha pamba, kilowe maji matamu, kikamuliwe mpaka kisidondoke, upitishe mwili wote wa kamera, kisha kikavu. Maji matamu tunasema kwa makusudi: maji ya visima vingi mjini yana chumvi, na kufutia hayo ni kuongeza unachoondoa. Tumia maji ya kunywa ya chupa au ya mvua. Kioo cha lenzi usikiguse kwa kitambaa kabla ya kupuliza mchanga kwa pampu ndogo ya mpira. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa.

Hapa vifaa vinatofautiana sana. Kamera ya maji ndiyo rahisi: izamishe kwenye bakuli la maji matamu dakika kumi, uvibonyeze vitufe humo humo ili chumvi itoke, ikaushe, ndipo ufungue mlango wa betri. Kifo chake kinatokana na mlango huo. Mpira wa kuzibia ukiwa na unywele mmoja au punje moja, maji yanaingia. Ufungue ndani ya nyumba, mikono mikavu, uutazame mpira kwa tochi kila mara, na ubadilishe mpira kila mwaka.

Zumu ndefu ina udhaifu ambao muuzaji hausemi. Bomba la lenzi likitoka na kurudi, kamera inavuta hewa kama pampu, na mchanga wa kusi huingia nao. Ukisikia mkwaruzo, zima, usilazimishe bomba kurudi: elekeza lenzi chini, puliza pembeni ya bomba kwa pampu ya mpira, gonga kidogo kwa kidole, kisha ndipo uirudishe. Vumbi likishaingia kwenye kihisi chake hutaweza kulifikia bila fundi.

Kamera ya kubadili lenzi ina kanuni moja ufukweni: usibadili. Toka nyumbani na lenzi moja, rudi nayo. Ukikaidi utaona madoa ya kijivu kwenye anga kila unapopiga kwa f/11 na zaidi.

Na ukungu wa ndani ya lenzi, ule mfano wa utando wa buibui, unawapata wote wasio na boksi. Chukua kopo la plastiki la lita 10 lenye kifuniko kinachobana, tia gramu 200 za silika na kipimo kidogo cha unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo. Mchele haufai, una vumbi. Mkoba wa ngozi ndio makazi bora ya ukungu, usihifadhie kamera humo. Chumba chenye kiyoyozi nacho kina mtego wake: ukitoka na kamera kwenda nje, lenzi yote inalowa umande. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uifungue baada ya nusu saa.

Ukinunua iliyotumika

Kamera iliyoishi pwani ichunguze kuliko iliyotoka bara. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi, utazame kutoka upande wa pili: nyuzi nyeupe ni ukungu, achana nayo hata kama bei ni ya bure. Fungua mlango wa betri utafute kijani. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho sikio likiwa karibu. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uhesabu madoa. Kwa 700D uliza idadi ya shata: imeundwa kwa takriban mapigo 100,000. Na ukikuta lenzi ya 75-300 isiyo na kituliza mtikisiko kwa bei nafuu kuliko 55-250 ya STM, pita. Huipati ile milimita 50 ya ziada, unapata picha laini zilizotikisika.

Nani achukue ipi

Ambaye hajawahi, aanze na simu miezi mitatu: mwambani kwa kioo cha miwani, topeni kwa video. Haimgharimu kitu, na atajua kama anapenda kulowa.

Anayependa vidimbwi na kuogelea, hasa msimu wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi maji yakiwa safi, achukue kamera ya maji na asitazame nyuma. Kusi ikichafua bahari itakaa koponi miezi kadhaa, alijue hilo.

Anayetaka ndege na hana hamu ya kujifunza f na ISO, anayetembea na watoto au kupanda matatu na mkoba mdogo, zumu ndefu ndiyo yake. Ina gramu 610 tu, betri hupiga picha 325 hivi, na kwa watu wengi wa Mombasa tunaona ndiyo chaguo la kwanza, mradi ailinde na mchanga.

Kamera ya kubadili lenzi ni ya aliye tayari kukaa topeni saa mbili kwa kaa mmoja, na kufuta kila jioni bila kuchoka. Gramu 950 na ushei na lenzi yake. Hii ndiyo inayokua na mtu, lakini pia ndiyo inayokufa haraka mikononi mwa mvivu.

Kwa yeyote mwenye lenzi ndefu: usiielekeze bandarini Kilindini, kivukoni Likoni wala upande wa jeshi la majini Mtongwe. Askari hawatauliza kama ulikuwa unamfuata shakwe. Na ukiwakuta wavuvi au akina mama wanaookota chaza, salamu kwanza, "Shikamoo mzee, naomba kupiga ndege wale," kabla ya kutoa kamera mkobani. Wao ndio watakaokwambia sululu hutua wapi maji yakijaa, na kidimbwi kipi kina pweza wiki hii.